Shajara ya karakana: mwinamo wa kitako cha shotigani ya Mzee

Mei 4

Mzee alifika kabla ya saa tatu asubuhi. Nilipomwamkia akaitikia marahaba huku tayari anafungua kifungo cha shati. Alitaka nione kwanza, maneno baadaye. Chini ya mtulinga wa kulia, karibu na kwapa, palikuwa na alama ya zambarau inayogeuka kijani pembezoni. Haikuwa pana, upana wa kidole gumba tu. Kwenye mfupa wa shavu palikuwa na uvimbe mdogo.

"Bunduki inanipiga, fundi. Mwaka jana niliifupisha, ikazidi. Nataka uipunguze tena."

Mzee amefanya kazi ya wanyamapori mpaka akastaafu, na kila msimu unapofunguliwa Julai huchukua kibali na kwenda kuwinda kanga na kwale upande wa Manyoni. Bunduki yake ni shotigani namba 12, mitutu miwili iliyopandana. Kanga wa kwanza anampata. Wa pili, anasema, siku hizi hampati kabisa, na zamani alikuwa anampata.

Sikukubali kukata, na kilichonizuia ni ile alama. Kitako cha bunduki yake kina sentimita 12 na nusu kutoka juu hadi chini. Kingekuwa kinamgusa chote, teke lingetawanyika begani na lisingeacha alama ya kidole gumba. Iliyokuwa inamchoma ni ncha ya chini, peke yake. Nikamwambia, "Mzee, nipe wiki chache. Naona tatizo si urefu." Hakufurahi, lakini akakubali.

Hii ndiyo shajara ya kazi hiyo. Naandika kila hatua na vipimo vyake kwa ajili ya seremala mwenzangu atakayeletewa kitako na kuambiwa "kata".

Mei 5

Jambo la kisheria, niliseme mapema. Mimi ni seremala wa milango na makabati hapa Chang'ombe, Dodoma mjini. Sina leseni ya silaha wala ya kutengeneza silaha, na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Kwa hiyo bunduki hailali karakana hata usiku mmoja. Kuna fundi silaha mwenye leseni ambaye nafanya naye kazi: yeye anakagua kuwa mitutu ni mitupu, anafungua kitako, ananikabidhi mbao. Pakihitajika kupima bunduki nzima, anakuja na mwenye nayo na wanaondoka nayo. Seremala yeyote atakayetaka kuiga kazi hii aanzie hapo.

Mei 6

Leo tumepima mwinamo.

Nieleze maneno kwanza. Kona ya juu ya kitako, inayokaa karibu na mtulinga, naiita kisigino. Kona ya chini, inayoelekea kwapa, naiita ncha. Mgongo wa kitako ni pale shavu linapolala. Mwinamo ni pembe ya uso wa kitako ukilinganisha na mtutu: je, uso ule uko pembe mraba na mtutu, au umeegemea upande mmoja?

Kuupima hakuhitaji mashine. Unasimamisha bunduki tupu, kitako chote kikanyage sakafu, mgongo wa mtutu uelekee ukutani. Unaisogeza mpaka sehemu ya nyuma ya mtutu, pale unapoungana na mwili wa bunduki, iguse ukuta. Kisha unapima mdomo wa mtutu uko mbali kiasi gani na ukuta. Mtutu wote ukilala ukutani, mwinamo ni sifuri. Mdomo ukikaa mbali na ukuta, kisigino ni kirefu kuliko ncha, na bunduki "imeinama". Mdomo ukigusa ukuta huku sehemu ya nyuma ikiachana nao, ncha ni ndefu, na hiyo ni balaa kwa karibu kila mtu.

Tukapima: sentimita 3.1. Nikashangaa, maana hicho ni kipimo cha kawaida tu. Fundi silaha akasema tujaribu ukuta wa upande wa pili. Sentimita 0.4. Bunduki ileile, dakika mbili baadaye.

Nikachukua pima maji. Sakafu yangu ya saruji imemwagwa ikishuka kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Nimefanya kazi juu yake miaka kumi na moja na sikuwahi kujali, kwa sababu kabati huwa nalisawazisha kwa vipande vya mbao chini ya miguu. Kwa kazi hii mteremko ule ni kosa la nyuzi mbili nzima za pembe. Wageni wakaondoka bila jibu.

Mei 8

Nimetengeneza kona yangu mwenyewe: ubao wa mninga wa kulala na mwingine wa kusimama, umefungwa kwa vishikio vya pembetatu nyuma. Skwea yangu ni fupi mno kuamini kwa ubao wa urefu wa mita moja na robo, kwa hiyo nilihakiki kwa ile kanuni ya ujenzi: sentimita 60 chini, 80 juu, na kamba ya mshazari ikasoma 100 kamili. Mara ya kwanza ilisoma 100.3. Nililegeza skrubu mbili, nikapitisha randa chini ya ubao uliosimama, unywele tu, nikafunga tena. Sasa sakafu iteremke itakavyo, kona inabaki kona.

Mei 10

Mzee na fundi silaha wamerudi. Sasa tuna namba za kuaminika.

Mdomo wa mtutu kutoka ubaoni: sentimita 1.2. Mtutu una sentimita 71, na kwa urefu huo kila uzi mmoja wa pembe ni sentimita 1.2 na kidogo mdomoni. Kwa hiyo mwinamo ni uzi 1. Bunduki nyingi za kiwandani huja na nyuzi 2 hadi 4 hivi.

Urefu kutoka kifyatulio hadi katikati ya kitako: sentimita 35.5. Mzee ana mita moja na themanini na mikono mirefu, hiki ni kitako cha mtu mwingine. Anapoinua bunduki, kidole gumba chake kinakaa karibu kuigusa pua.

Halafu nikageuza kitako nikatazama ile sehemu iliyokatwa mwaka jana. Alama za msumeno zilikuwa bado zinaonekana chini ya mpira unaofunika mwisho wa kitako. Nikaweka skwea. Aliyekata alifuata jicho, akaanza juu na kushuka, na msumeno ukakimbilia nje kadiri ulivyoshuka. Akatoa karibu sentimita 2 kwenye kisigino lakini milimita 13 tu kwenye ncha. Tofauti hiyo ya milimita 6 na nusu, kwenye kitako cha sentimita 12 na nusu, ni nyuzi 3. Maana yake ni kwamba bunduki ya Mzee ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 4 iliponunuliwa, na siku ile ya kufupishwa ikabaki na uzi 1.

Nilimwonyesha. Alikaa kimya akipitisha kidole kwenye ile mikwaruzo ya msumeno.

"Kwa hiyo nililipa ili nipigwe zaidi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimletea chai.

Mei 11 hadi 18

Watengenezaji wa bunduki wa London, akina Purdey waliopo tangu 1814 na Holland & Holland tangu 1835, humpima mteja kwa bunduki maalumu ambayo kitako chake kinarekebishika kila upande. Siwezi kuwa na kitu hicho, wala sikihitaji. Ninachohitaji ni mbao yenye umbo na uzito wa bunduki, ambayo mtu anaweza kuiinua begani mara hamsini bila mtu yeyote kuogopa.

Nimeichonga kwa mninga. Badala ya mtutu ina papi iliyonyooka, nimeipaka rangi nyeupe yote ili hata mpita njia aone kuwa ni mbao. Uzito nimeufikisha kilo 3.2 kwa vipande vya nondo ndani ya papi. Mwishoni kuna kibao cha begani kilichofungwa kwa bawaba ya mlango na boliti mbili ndefu, moja juu moja chini. Ukikaza ya chini na kulegeza ya juu, kisigino kinatoka nje na ncha inaingia. Pembeni nimechora nyuzi kwa penseli, kutoka sifuri hadi 8.

Vumbi la mninga limenitesa pua siku tatu. Ni mti mtamu kuchonga, hautanuki na kusinyaa ovyo, lakini anayeupiga msasa afunge kitambaa.

Mei 19

Siku niliyojifunza zaidi.

Nilimwambia Mzee asimame kama anavyosimama akiwasubiri kanga waruke, afumbe macho, ainue ile mbao hadi begani na asimame hivyohivyo. Mimi nikaingiza kipande cha karatasi kati ya kibao na shati lake, juu na chini. Ikiwa karatasi inapita, hapo hapajagusa.

Kwa uzi 1, karatasi ilipita juu kama barua mlangoni. Ilishuka karibu nusu ya kibao kabla haijakwama. Ncha tu ndiyo ilikuwa imeshika, imezama kwenye nyama chini ya mtulinga, palepale penye alama.

Kwa nyuzi 3 karatasi ilikwama juu na kupita kwa shida. Kwa nyuzi 4 ilikwama kila mahali. Kwa nyuzi 6 ilianza kupita chini: sasa kisigino ndicho kilichoshika na ncha ilining'inia hewani.

Nikasogea pembeni nikamtazama. Mzee ana kifua kipana, na kifua kipana hakisimami wima kama ukuta, kinatoka mbele kadiri kinavyoshuka kutoka begani. Uso wa kitako unapaswa kufuata mteremko huo. Mtu mwembamba mwenye kifua bapa anaweza kuishi vizuri na nyuzi 2. Na mtu yuleyule akiinua mtutu juu kabisa kumfuata njiwa, mgongo unarudi nyuma na pembe ya kifua inabadilika, kwa hiyo hakuna namba moja ya kweli. Unatafuta ile inayofaa kwa pembe anayopigia mara nyingi. Kanga huruka chini chini, kwa hiyo kwa Mzee nilipima mtutu ukiwa juu kidogo tu ya usawa.

Mei 20

Nimekaa jioni nikiandika nilivyoelewa kuhusu teke, kwa sababu bila hili mwinamo unaonekana kama urembo.

Risasi moja ya kanga, namba 12, inabeba marisau, zile chembe ndogo za risasi, ya gramu 32 hivi, na yanatoka mdomoni kwa mwendo wa takriban mita 400 kwa sekunde. Kinachoenda mbele kinasukuma nyuma. Bunduki ya kilo 3.2 inarudi kwa mita 4 hadi 5 kwa sekunde, na inarudi katika mstari wa mtutu. Mstari huo unapita juu ya mahali bega linaposhika kitako, kwa hiyo bunduki hairudi tu, inajaribu pia kuinua mdomo.

Sasa tazama uso wa kitako. Ukilala sawasawa na kifua, unabaki pale ulipo, na bega linapokea teke kwa eneo lote. Ncha ikiwa ndefu inagusa kwanza na kuwa egemeo: kitako kinateleza kuelekea kwapa, mdomo unapanda zaidi, na mgongo wa kitako unapanda nao na kumgonga mtu shavuni. Hiyo ndiyo alama ya kifuani na uvimbe wa shavuni, vyote kutoka kosa moja. Kisigino kikizidi, kinyume chake: kitako kinatambaa kupanda juu ya bega na mdomo unadondoka.

Kuna imani niliyoikuta kwa wawindaji wawili watatu kwamba ukiongeza mwinamo bunduki inapiga chini, ukipunguza inapiga juu. Ikishakaa begani na shavuni, hilo si kweli moja kwa moja. Mahali marisau yanapokwenda panaamuliwa na jicho, na jicho linawekwa na mgongo wa kitako pale shavu linapolala. Mwinamo hausogezi jicho. Kazi yake ni kukizuia kitako kisihame, na kitako kikihama, shavu linahama nacho na jicho pia. Ndiyo maana risasi ya kwanza ya Mzee inakwenda vizuri na ya pili inapotea.

Mei 25 na 26

Jaribio la karatasi. Lilifanyika mahali Mzee anaporuhusiwa kupiga, fundi silaha akisimamia. Mimi kazi yangu ilikuwa rula na daftari.

Nilikuwa nimeandaa vipande vya plaiwudi vya kuweka kati ya mbao na mpira wa kitako. Nilitaka kutenganisha urefu na mwinamo, kwa sababu vyote viwili vilikuwa na kosa na nisingejua kipi kimeponya. Kwa hiyo: kwanza bunduki kama ilivyo. Pili, kipande bapa cha milimita 15, kinachoongeza urefu bila kugusa pembe. Tatu, kabari yenye milimita 15 hizohizo katikati, ila nene kwenye kisigino na nyembamba kwenye ncha, ya kuongeza nyuzi 3. Nne, kabari ya nyuzi 5. Mara tatu kila moja, risasi mbili za haraka kila mara, karatasi mpya kila mara. Jumla risasi 24. Tuligawa kwa siku mbili, maana bega lililochoka linadanganya.

Umbali ni mita 15. Kutoka jicho hadi shanga ya mbele ya mtutu, ile ya kulengea, ni kama sentimita 92, kwa hiyo kila milimita jicho linapopanda, marisau yanapanda karibu milimita 16 kwenye karatasi.

Kama ilivyo: katikati ya marisau ya risasi ya kwanza ilikuwa sentimita 8 juu ya alama. Ya pili, sentimita 40. Ukigawa tofauti hiyo kwa 16, Mzee alikuwa ameinua kichwa milimita 20 kati ya risasi moja na nyingine. Na nilimwona: baada ya teke la kwanza shavu liliachana kabisa na mbao. Ni mwili unaojihami, na mtu hawezi kuuamuru ukae.

Kipande bapa: ya kwanza 5.5, ya pili 34. Kidole gumba kimeachana na pua, Mzee kasema afadhali. Lakini aligusa palepale chini ya mtulinga. Kushuka kutoka 8 hadi 5.5 nilikuwa nimeshakuandika daftarini kabla hajapiga. Mgongo wa kitako chake unashuka milimita 1 kwa kila sentimita 1, kwa hiyo shavu likirudi nyuma sentimita 1.5, jicho linashuka milimita 1.5, na marisau sentimita 2.4. Nilipoisoma ile rula nilifurahi kuliko nilivyofurahia kabati lolote.

Kabari ya nyuzi 3: ya kwanza 5.5, ya pili 11.

Nilirudia kupima ile karatasi ya kwanza, nikidhani nimekosea. Kisha ikaja ya pili, na ya tatu. Wastani ni 11. Mzee alipomaliza alibaki na bunduki begani sekunde kadhaa baada ya risasi ya pili, shavu bado limelala, kama mtu aliyesahau kuishusha. Fundi silaha akamkumbusha aifungue.

Kabari ya nyuzi 5, yaani jumla nyuzi 6: ya kwanza sawa, ya pili haikuwa na makao, mara juu mara chini. Mzee alisema kitako kinamkimbilia sikioni. Tukaitoa.

Juni 3

Kabari ya kudumu. Nilifikiria mpingo kwa uzuri, mstari mweusi kati ya mbao na mpira. Lakini mpingo ni mzito na mgumu, na kipande chembamba chake kinaweza kupasuka ukitoboa tundu la skrubu. Mzee angependa usionekane kabisa, kana kwamba kitako hakikuwahi kukatwa. Mbao ya kitako ni mjozi, mti wa Ulaya, na rangi yake ya kahawia haiko mbali na mninga uliokaa. Nilipekua mabaki mpaka nikapata kipande cha mninga chenye nyuzinyuzi za giza kinachokaribia. Kimekaa karakana miaka minne, kimekauka kwa hewa ya hapa.

Vipimo: kisigino milimita 18.3, ncha milimita 11.7, katikati milimita 15.

Kukata kabari ndogo kwa msumeno ni hatari kwa vidole, kwa hiyo nilikata kipande bapa cha milimita 20, nikakigandisha kwa gundi hafifu juu ya ubao mkubwa wenye mteremko wa nyuzi 3, na kukiteremsha kwa randa. Randa inafuata mteremko wenyewe. Nilipima kwa venia, kile kipimo cha unene, kila baada ya mipito mitano.

Juni 5

Niliacha kabari kubwa kuliko kitako kwa milimita 2 kila upande, ili niishushe ikiwa imeshafungwa. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuipiga msasa mpaka msasa unakula kitako chenyewe. Nilizungushia kitako utepe wa karatasi, na kila utepe ulipoanza kuchubuka nilisimama.

Skrubu za zamani zilikuwa fupi kwa unene mpya. Nimeweka ndefu zaidi na kuzipaka sabuni ya mche kabla ya kuziingiza. Kisha mafuta ya kitani, mkono kwa mkono, mara tano kwa siku tano. Hewa ya Dodoma mwezi huu ni kavu na upepo una vumbi, kwa hiyo kila mpako naukausha ndani ya kabati lililofungwa.

Juni 14

Kitako kimerudi kwenye bunduki. Kwenye kona yangu: sentimita 4.9 kutoka ubaoni hadi mdomo wa mtutu. Nilitarajia 4.95, yaani nyuzi 4. Urefu sentimita 37.

Mzee aliinua mara moja tu akiwa amefumba macho, akafumbua, akatazama shanga ya mbele. Ilikuwa pale inapotakiwa.

"Hii ndiyo bunduki yangu," alisema. Alilipa na kuongeza chupa ya asali ya Manyoni ambayo sikuitarajia.

Juni 22

Jirani wa Mzee, mama mwenye shamba la zabibu kuelekea Hombolo, naye ana leseni na huenda kuwinda kwale na mumewe. Bunduki yake ni namba 20, nyepesi, mtutu sentimita 66. Anasema kitako kinamchoma kifuani na kumteleza nje ya bega. Kwa sababu ya kazi ya karatasi na kupima karibu na mwili, nilimwomba mke wangu awepo, na yeye ndiye aliyeingiza karatasi huku mimi nikisoma nyuzi.

Kwa wanawake mwinamo ni jambo kubwa kuliko kwa wanaume, na bunduki nyingi za dukani zimepimwa kwa kifua cha mwanamume. Kwake karatasi ilikwama kote kwenye nyuzi 6. Tena ncha ilihitaji kugeuzwa nje, kuelekea kwapa, milimita 6 kuliko kisigino, ili ipite pembeni badala ya kuzama. Nilipomgeuzia kibao hivyo alivuta pumzi.

"Ina maana miaka yote hii kosa halikuwa langu?"

"Halikuwa lako, mama."

Kitako chake kina sentimita 37. Anahitaji 34.5. Huyu ni wa msumeno kweli.

Juni 29

Nilijaribu kukata kwanza kwenye kitako cha ile mbao yangu nyeupe. Vizuri nilifanya hivyo. Msumeno ulipomalizia kwenye ncha, kipande cha ukubwa wa ukucha kiliruka, kikaacha shimo lenye meno. Nyuzi za mbao pale mwisho hazina kitu cha kuzishikilia. Kwenye kitako cha mama mwenye shamba lingekuwa jeraha la kudumu.

Jaribio la pili: utepe umezungushwa mara mbili, mstari umechanjwa kwa kisu kikali kuzunguka kote mpaka kina cha milimita 1, kibao cha paini kimebanwa nyuma ya ncha kwa jiliwa, na msumeno wa meno madogo umeanzia kwenye ncha kwenda kisigino. Ukatoka safi.

Julai 2

Nimekata cha mama. Kimetoka safi. Nimeacha nusu milimita ya kushusha kwa randa. Mafuta ya kitani yanaendelea.

Julai 19

Simu ya Mzee saa moja na nusu usiku, mtandao unakatika. Yuko eneo lililoandikwa kwenye kibali chake, baridi kali asubuhi, amevaa koti. Hilo la koti lilinishtua kidogo kwa sababu unene wake unaongeza urefu, nami nilipima na shati. Nikamuuliza. Akasema linakaa vizuri, anasikia kubana kidogo tu.

Kundi la kanga liliruka kutoka kwenye kichaka cha korongo la mto mkavu. Wa kwanza, kulia. Wa pili, kushoto, umbali wa hatua thelathini hivi. Wote wawili.

"Na bega, Mzee?"

"Bega lipo."

Agosti 9

Kiangazi kimefika katikati na kila mlango niliotengeneza Aprili unalia. Nimemwomba Mzee alete bunduki tuikague. Kati ya kabari na kitako, upande wa kisigino, pamefunguka ufa ambao ukucha unausikia lakini karatasi haiingii. Fundi silaha alifungua mpira, nikakaza skrubu ya juu robo mzunguko, ufa ukafunga. Kwenye kona: 4.9, palepale. Nimeandika tarehe kwa penseli ndani ya kitako. Nitapima tena Januari, mvua zikishakolea, nione mninga na mjozi vitakuwa vimeelewana vipi.

Mama mwenye shamba anakuja Jumamosi na mumewe kwa jaribio la karatasi. Nimeshakata karatasi kumi na mbili.